Povu Kwenye Kioo cha Mbele

Juzi nilimnunulia mwanangu mabuti ya mvua. Niliyaosha kwenye karai kwa sabuni ya mche, maana kitu cha dukani hakivaliwi nyumbani kwangu kabla hakijaona maji, na harufu ya mpira mpya ikachanganyika na ya sabuni. Nikakaa chini pale pale uani. Mume wangu akaniuliza kama ni presha. Nikamwambia si presha, ni Babu. Akaniacha, kwa kuwa hatujakaa muda mrefu tangu tumzike, akadhani nalia msiba. Kweli nilikuwa nalia, ila nilikuwa nimerudi mbali zaidi ya msiba, kijijini Kisiba, kwenye uwanja wa nyumba yetu, siku ambayo niliamini kwa moyo wangu wote kwamba Babu anataka kumuua mama yangu.

Wenzangu mliokua enzi zile mnajua jinsi mtoto alivyokuwa haambiwi kitu. Wakubwa wanazungumza, ukisogea wanageuza maneno yanakuwa ya hali ya hewa, na kwetu Rungwe hali ya hewa haina hata cha kuzungumzia, ni mvua tu. Basi mtoto anabaki kujipikia maelezo mwenyewe kwa vipande alivyookota. Mimi nilikuwa mpishi hodari, na kila nilichopika kilikuwa cha kutisha.

Tuliishi kwa Babu, baba yake baba. Baba mwenyewe alikuwa Chunya machimboni, akija anapokelewa kama mgeni. Nyumbani tulibaki Babu, Bibi, baba mdogo Ambakisye, mama na mimi. Babu alikuwa ameendesha malori ya kiwanda cha chai miaka mingi, na alipostaafu alirudi na gari lililokuwa limetupwa nyuma ya karakana, la kijivu, la zamani hata wakati ule, lenye pua ndefu na taa za mviringo. Alilifufua kwa mikono yake. Katika eneo letu lote halikuwapo jingine. Lilibeba mabibi harusi, lilibeba magunia ya mahindi, na lilibeba wagonjwa kwenda Tukuyu, ambao baadhi yao walirudi ndani ya sanduku. Sisi watoto tulikumbuka hao wa mwisho tu. Tulikuwa hatuchezi karibu na lile gari.

Na mama yangu alikuwa akimkimbia Babu. Nasema kumkimbia kwa sababu ndivyo nilivyoona. Babu alikuwa na kikohozi chake cha getini, kikavu, cha makusudi, na mama akikisikia aliacha chochote alichoshika. Anaweza kuwa anageuza ugali. Atauacha motoni, atajifunika khanga kichwani, atapitia nyuma ya jiko na kuingia migombani, asimame huko mpaka Babu aingie ndani. Sikuwahi kumwona akimtazama usoni. Sikuwahi kumsikia akimjibu. Chakula alichopika mama nilikipeleka mimi, na maneno pia niliyapeleka mimi. "Mwambie babu yako maji ya kuoga tayari." "Mwambie mama yako nimeshiba." Babu anaweza kuwa hatua chache tu kutoka jikoni, amesikia kila neno, lakini atasubiri mpaka nifike nilirudie.

Leo najua. Kwetu mkwe humtila baba mkwe wake: hamtazami, hazungumzi naye, hapishani naye njiani. Ni heshima, na inashikwa pande zote mbili. Kikohozi kile cha getini kilikuwa adabu ya Babu, kumpa mama nafasi ya kujisetiri. Wengi walikuwa wameanza kuilegeza, hata mchungaji alisema haina lazima, lakini Babu na mama waliishika barabara. Nani angekaa chini kumweleza mtoto jambo ambalo kila mtu analijua? Mimi niliona mwanamke mzima anakimbilia migombani kwa kikohozi cha mzee mmoja, nikajua kuna kitu mama anakijua juu ya mzee huyo.

Halafu kulikuwa na kile kioo kidogo cha ndani ya gari, cha kumwonyesha dereva nyuma. Mama akipanda, Babu alikigeuza kikatazama darini. Sikujua kwamba alikuwa anajizuia asimwone mkwe wake. Nilidhani kuna kitu huwa kinamfuata nyuma, naye hataki kukiona.

Mwaka uliotangulia mama alikuwa na tumbo kubwa. Siku moja ya mvua walimweka kwenye gari, Bibi akapanda naye, Babu akaendesha. Waliporudi tumbo halikuwapo na mtoto hakuwapo. Mama alishuka amefunikwa khanga mpaka usoni, akapita moja kwa moja chumbani. Nilimuuliza Bibi mtoto yuko wapi, akaniambia nikachote maji. Nilimuuliza Ambakisye, naye akasema, "Gari lilizima kilimani," kisha akaangalia pembeni kama mtu aliyeropoka. Nikaweka vipande vyangu pamoja. Gari la Babu lilimchukua mtoto na halikumrudisha. Mama alikuwa anajua tangu mwanzo, ndiyo maana alikuwa akikimbia.

Sasa mama alikuwa na tumbo tena.

Sijui niwaelezeje hofu ya mtoto asiye na wa kumwambia. Nilihesabu kila jambo ambalo Babu alifanya. Nilimwona akizunguka gari, akibonyeza mpira wa kioo cha mbele kwa kidole gumba, mpira uliokuwa umekakamaa na kupasuka mpaka unamong'onyoka. Nilimwona akiagiza mpya kwa dereva wa basi la Mbeya, akamrudisha mara ya kwanza kwa kuwa aliouleta haukuwa wenyewe. Kila siku alikuwa akiuliza kama umefika. Ulipofika, yeye na Ambakisye waliukata ule wa zamani kwa kisu, wakakitoa kioo chote na kukilaza barazani juu ya majani ya mgomba. Gari likabaki na tundu mbele. Babu akakwangua kutu kwenye ukingo wa lile tundu kwa msasa, akapaka rangi, akakaa kwenye kigoda kulitazama likikauka. Nikajiuliza ana haraka ya nini na gari ambalo limekaa hivyo miaka yote.

Asubuhi iliyofuata ililetwa habari kwamba kaka yake Bibi amefariki Matwebe. Ninyi mnaojua msiba wa kwetu mnajua kwamba hakuna anayebaki. Kabla ya saa nne njia ilikuwa imejaa wanawake wenye khanga na mikungu ya ndizi kichwani, na majirani zetu wote walikuwa wameshapanda lori la mwenyekiti. Mama peke yake ndiye hakutakiwa kwenda, kwa sababu ya hali yake. Bibi alisimama uwanjani na Ambakisye wakimsubiri Babu avae koti.

"Nendeni," Babu alisema. "Mimi nabaki."

Bibi alidhani hakusikia vizuri. "Unabaki? Msiba wa shemeji yako?"

"Kioo kiko chini."

"Kioo! Tata, watu watasema nini?"

"Watasema."

Walikuwa wanaongea Kinyakyusa, nami nayaandika haya kwa Kiswahili, lakini lile neno la mwisho la Bibi sihitaji kulitafuta kwa sababu bado nalisikia. Alisema kwa sauti ya chini, "Mara ile ulijua, ukaacha. Leo ndiyo unajifanya fundi." Babu alitazama mikono yake. Bibi akajitwisha kikapu, akaondoka na Ambakisye, na ule uwanja ukawa na kimya ambacho sijapata kukisikia tena.

Mara ile ulijua. Mnaweza kufikiri mtoto wa umri wangu alivyolipokea. Bibi mwenyewe amesema. Na huyu mtu aliyejua amekataa kwenda kumzika shemeji yake, jambo ambalo hata mlevi wa kijiji asingelifanya, ili abaki na sisi peke yetu.

Ukungu ulikuwa umepanda kutoka kwenye ziwa lililo chini ya kijiji na kukaa kwenye migomba ya chini. Babu alikohoa, mama akaingia jikoni, ndipo Babu akaja mpaka kwenye kamba ya mama ya kuanikia nguo, ile ya nailoni, akaifungua. Vitambaa vya mtoto vilivyokuwa juu yake alivikunja vizuri, akaviweka kwenye jiwe. Kuvikunja kwake kuliniogopesha kuliko kama angevitupa.

"Mke wangu," akaniita. Alikuwa akiniita hivyo siku zote, utani wa mababu. "Niletee sabuni na maji kwenye beseni. Mwambie mama yako nimechukua kamba, nitairudisha."

Nikampelekea sabuni. Barazani aliuvisha mpira ule mpya kuzunguka kioo chote, taratibu, akiubonyeza pembeni. Ulikuwa na harufu ya dukani. Kisha akachukua kamba ya nguo na kuilaza ndani ya mfereji wa mpira, upande wa ndani, akizunguka nayo mpaka ncha mbili zikakutana katikati, chini. Akanieleza huku akifanya, kwa Kiswahili chake ambacho mpira ulikuwa mpila. "Mtu mmoja anabaki nje anasukuma. Mwingine yuko ndani anavuta kamba. Kamba ikitoka, inalivuta sikio la mpila linaingia ndani ya bodi. Bila mtu wa ndani, hakikai." Mtu wa ndani alikuwa awe Ambakisye.

Alinijaribu mimi. Nilikaa kiti cha mbele na ncha ya kamba mkononi, na yeye akakiegemeza kioo kwenye tundu. Nilivuta kwa nguvu zangu zote. Kamba ilitoka kidogo, mpira ukajikunja upande usio wake, na kioo kikatoa mlio kwenye kona. Babu akakibandua mara moja, akakirudisha barazani na kukipitisha kidole mahali pale. Hakikuwa kimepasuka.

"Si kosa lako," alisema. "Mikono midogo. Tutamsubiri baba yako mdogo."

Alikuwa akiirudisha kamba ndani ya mpira niliposikia ngurumo kutoka upande wa Mlima Rungwe, na baada yake sauti kutoka jikoni. Haikuwa kubwa. Nilikimbia. Mama alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, kichwa amekiinamisha, na alipoweza kusema alisema, "Mwambie babu yako muda umefika."

Siku hazikuwa zimefika. Hata mimi nilijua hilo, maana nilisikia wakisema mpaka baada ya mavuno ya maharage. Nilisimama tu.

"Mwambie!"

Nikaenda nikamwambia. Babu alikuwa amepiga magoti kando ya kioo. Akatazama njia, ambayo haikuwa na mtu. Akatazama mbingu. "Mwambie kioo hakijakaa," alisema. "Mwambie nakwenda barabarani kutafuta mtu wa kuvuta kamba." Na yeye mwenyewe alijua, kama mimi nilivyojua, kwamba barabarani hakukuwa na mtu, kila mwenye mikono alikuwa Matwebe. Kwenda bila kioo, na mvua ile iliyokuwa inakuja, lilikuwa jambo la kutofikirika.

Nilimrudia mama. Alinisikiliza, akavuta pumzi, akaifunga khanga kichwani ikashuka mpaka kwenye nyusi.

"Mwambie mtu yupo," alisema, na akatoka.

Babu alipoona kivuli kinatoka jikoni aligeuka haraka akatazama migomba. Nilikuwa sijawahi kuona hivyo: mara hii mama anakuja, na Babu ndiye wa kujificha. Aliongea na ile migomba. "Mwambie hapana. Ee Kyala, ee Mungu, mwambie arudi ndani."

"Mwambie mtoto hasubiri," mama akasema.

Mimi sikupeleka tena neno. Nilimshika mama khanga ya kiunoni kwa mikono yote miwili, maana alikuwa anakwenda kwenye gari. Lile gari lililomchukua yule mtoto mwingine. Nilimwambia usiingie, nikalia, nikamwambia tukimbie, twende kwa bibi mwingine, Isongole kwao, tukakae huko kwenye viazi. Mama alinitazama kwa mshangao wa kweli. Halafu maumivu yakamshika tena, akaegemea mlango wa gari, na yalipoachia akanibandua vidole kimoja kimoja. "Simama hapa mlangoni," alisema. "Usipokuwepo wewe, tutaongeaje?" Akaingia, akakaa kiti cha mbele.

Babu alibaki ametugeuzia mgongo. Nikadhani anaomba, na nadhani sikukosea. Kisha alienda barazani kinyumenyume kidogo, kwa ubavu, akalowesha mche mzima wa sabuni, akaanza kuusugua juu ya kioo. Si kwenye mpira peke yake, ambako sabuni inatakiwa ili uteleze. Kioo chote. Alisugua kwa viganja, akaongeza maji, akasugua tena, povu likatanda mpaka kioo kikawa cheupe kabisa, huoni hata jani la mgomba lililokuwa chini yake. Nilijua kinachofichwa hivyo hakiwezi kuwa kitu kizuri.

Akakinyanyua, akakileta mbele ya uso wake, na kukiegemeza kwenye tundu la gari. Mama akawa ndani, yeye nje, na katikati yao ukuta wa povu. Mimi nilikuwa kwenye mlango uliofunguliwa, kichwa huku na huku.

"Mwambie aanzie katikati, chini. Avute kuelekea kwake, asivute pembeni."

"Mama, anzia katikati chini. Vuta kuja kwako."

Kamba ilitoka, na mara hii sikio la mpira liliipanda bodi likaingia, kwa mlio mdogo wa mtu anayebusu hewa. Babu akapiga kioo kwa kiganja mahali pale. Kamba ikatoka tena, mpira ukaingia, kiganja kikapiga. Pale kiganja cha Babu kilipotua povu lilipungua, ikabaki alama ya mkono mzima na vidole vyake, na mama ndani alikuwa akiifuata ile alama kujua pa kuvuta. Safari moja aliweka mkono wake juu ya alama hiyo apate pa kujiegemeza. Nilivyokuwa nimesimama niliona mikono yote miwili, mmoja kila upande wa kioo. Babu akauondoa wake akachota povu, akapaka upya.

Walipofika kona ya kulia, ile iliyolia mara ya kwanza, mama aliacha kuvuta. Kamba ilikuwa imezungushwa kwenye ngumi yake. Alitoa sauti ya chini ambayo haikuisha. Nusu ya kioo ilikuwa imeshika, nusu inaning'inia, na mvua ilianza kwa matone makubwa juu ya bati la gari. Nikamtazama Babu. Alikuwa amekiegemea kioo kwa kifua na mikono yote miwili, shavu lake limelala kwenye povu, macho amefumba.

"Mwambie nipo," alisema. "Sibanduki."

"Mama, yupo. Habanduki."

Halafu Babu akasema jambo ambalo halikuhusu kamba. "Mwambie, safari hii maji hayataingia."

Nililirudia kama lilivyo. Mama hakujibu. Alinyanyua kichwa, akakaza kamba, akavuta kona ile mpaka ikaingia. Baada yake upande wa juu ulikuwa mwepesi. Ncha ya mwisho ya kamba ilitoka, ikamdondokea mapajani, na Babu akazunguka kioo chote akikipiga viganja, haraka, kisha taratibu, akisikiliza.

Mama alihamia kiti cha nyuma, akajifunika. Babu akaingia, akakigeuza kile kioo kidogo kitazame darini, na kuwasha. Mimi nilikaa mbele. Hatukuona kitu, mbele yetu kulikuwa kweupe. Ndipo mvua yenyewe ikashuka, mvua ya kwetu isiyobisha hodi, na povu likaanza kuteremka kioo kizima na kutiririka juu ya boneti, likafunua kwanza migomba, kisha geti, kisha njia.

Kuna kilima kabla hujaikaribia Tukuyu, chenye udongo mwekundu, na tulipoanza kukipanda Babu alipunguza mwendo. Kila baada ya muda alipeleka mkono wa kushoto chini ya dashibodi, akapapasa, akautoa na kuutazama, kisha akaurudisha tena. Barabara ilikuwa inateleza, ilihitaji mikono miwili. Mwishowe akasema, "Mke wangu, weka mkono hapo chini penye nyaya. Pamelowa?"

Nikaweka mkono. "Pakavu."

"Mwambie mama yako."

"Mama, pakavu."

"Papapase tena," alisema baada ya kona. Nikapapasa. Pakavu. Nikamwambia mama. Nilifanya hivyo kilima chote, na mahali fulani katikati ya kile kilima, na mkono wangu kwenye nyaya na uso wa Babu umekazwa mbele kama uso wa mtoto aliyeogopa, maelezo yangu yote niliyojipikia yakaanza kuanguka. Aliogopa maji. Mtu mzima huyu, mkali, wa kikohozi, alikuwa anaogopa tone la maji lisipite pale.

Yaliyobaki nimeyaunganisha ukubwani. Mwaka ule uliotangulia mpira ulikuwa umeshaoza, na Babu alijua, akasema atabadilisha kiangazi kikija, kama kwetu kuna kiangazi. Mvua ikapenya, ikadondokea fyuzi, gari likazima kilimani. Waliposukumwa na kufika, mtoto alikuwa ameshachoka, hakuishi. Hakuna aliyemuua mtu. Lakini Babu aliamini kama nilivyoamini mimi, tena kwa muda mrefu zaidi, na yeye hakuwa na umri wa kukua akaacha.

Gwakisa alizaliwa kabla giza halijaingia. Babu hakuingia ndani ya hospitali. Alisimama nje kwenye mvua karibu na gari, kofia mkononi, mpaka muuguzi alipotoka kuniambia nikamwambie mzee ni wa kiume na analia. Nilimwambia. Alisema "ndaga", yaani asante, akairudia mara nyingi, na sikujua anamshukuru nani kati yetu.

Bibi aliporudi kutoka msibani alinivuta pembeni na kuniuliza swali moja, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu. "Walitazamana?" Nikasema, "Hapana. Kulikuwa na povu." Bibi alinitazama, akaketi kwenye gunia la mahindi, akacheka huku machozi yanamtoka.

Kweli watu wa Matwebe walisema. Walisema miaka mingi kuhusu mzee wa kanisa aliyekosa kumzika shemeji yake kwa sababu ya kioo cha gari. Babu hakujitetea hata mara moja, kwani kujitetea kungekuwa kumtangaza mkwe wake kwamba alikaa mbele yake. Na nyumbani mambo yaliendelea vile vile. Babu akikohoa getini, mama anaingia migombani, mimi napeleka chakula. Ila mimi sikuogopa tena kile kikohozi, na nilipohamia mjini ni kitu cha kwanza nilichokikosa.

Siku ya kumuaga Babu jeneza lilikuwa sebuleni, la aina ile yenye kidirisha cha kioo juu ya uso. Watu walipita kwa mstari. Mama alikuwa nje, kwenye migomba yake, mzee sasa na yeye, kwa mazoea tu. Shangazi zangu walimfuata, wakamwambia apite amuage, leo hakuna wa kumtila. Alikataa, kisha akakubali, mradi niende naye. Gwakisa, mwanamume wa ndevu, alikuwa amesimama kichwani pa jeneza akipokea watu, akatupisha.

Mama aliingia ameinama, khanga mpaka kwenye nyusi. Alipofika aliiteremsha mabegani. Akamtazama Babu. Alimtazama muda mrefu hivi kwamba mstari nyuma yetu ulisimama, akaanza kwenye paji la uso akashuka, kama mtu anayesoma, na mimi nikatambua kwamba mama alikuwa hajui mkwewe anafananaje.

"Kuna neno aliniambia siku ile," alininong'oneza bila kuondoa macho pale. "Sikumjibu."

Nilijua neno lipi. Akanishika mkono.

"Mwambie maji hayakuingia."

Nikainama mpaka karibu na kioo, nikamwambia.